Wadogo zangu wa Lamu, safari ya chuo huanza mkiwa bado sekondari

Wadogo zangu mlioko sekondari, hapa Amu na huko Faza, Kizingitini, Witu na Mpeketoni, kila mkinikuta likizoni swali lenu huwa moja: nisome vipi nipite? Ni swali la haki. Lakini niko mwaka wa tatu chuoni sasa, na tukikaa wenzangu tuliotoka visiwani tukaulizana nani alichelewa kuingia, nani alikosa mkopo, nani yuko kwenye kozi asiyoitaka, mara nyingi sababu haikuwa uzito wa kichwa. Lilikuwa jambo lililopita miaka miwili au mitatu nyuma na hakuna mtu mzima aliyemshika mtoto mkono akamwambia: hapa ndipo penye uamuzi.

Tuanze na masomo mliyochagua mwisho wa kidato cha pili. Ukipata wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, umefikia kiwango cha digrii, na wengi hudhani safari imekwisha. Haijaisha. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, hawatazami wastani peke yake. Kila kozi ina masomo yake manne, na alama zako katika hayo manne huchanganywa na jumla ya masomo yako saba, zikatoka pointi za klasta ambazo juu kabisa ni 48. Ndiyo maana wanafunzi wawili wenye B ile ile wanaweza kuomba uuguzi chuo kimoja, mmoja akachukuliwa na mwenzake akapelekwa kozi nyingine. Mmoja alivuna kwenye Biolojia na Kemia, mwengine kwenye Historia na Dini. Wote wawili wamesoma kwa bidii.

Basi kabla hujalegea katika somo lolote, andika kozi tatu unazozitamani, uingie tovuti ya KUCCPS, uone kila moja inadai nini. Hayafichwi. Aliyeacha Fizikia kwa sababu darasa lilikaa muhula mzima bila mwalimu, ameuacha pia uhandisi, na hakuambiwa. Na Hesabu, nawaomba, msiiache ife. Inadaiwa na kozi nyingi kuliko mnavyodhani, za biashara na uchumi zikiwamo, na tangu 2023 wastani wa KCSE huhesabiwa kwa Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Huwezi kuiruka. D ya Hesabu ikipanda kuwa C, wastani wote unasogea.

Nyinyi wa Gredi ya 10 msiseme haya si yenu. KCSE ya mwisho ni ya 2027, na nyinyi mmetakiwa kuchagua mkondo mapema zaidi: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Uamuzi ni ule ule, umeletwa mapema tu. Ukiona umeingia mkondo usiokufaa, mwambie mwalimu muhula huu, usingoje mwakani.

Kiswahili tunakichukulia rahisi kwa sababu ni chetu. Nyumbani tunasema ndia na mato kwa njia na macho, na hapana ubaya wowote; tenzi nyingi kubwa za kale zimetungwa kwa Kiamu, lahaja yetu hii. Lakini mtahini anasahihisha Kiswahili sanifu. Karatasi ya insha ina alama 40, ya lugha 80, ya fasihi 80. Mtoto wa Lamu huingia akitegemea masikio, kisha alama zikamtoka kwenye sarufi: ngeli, uakifishaji, uchanganuzi wa sentensi. Hayo hayafunzwi barazani. Ukiyakalia ukayasoma, sioni mwanafunzi aliye karibu zaidi na A kuliko wewe, maana vina na mizani umevisikia tangu ukiwa mgongoni mwa mama. Naumia nikiona A hiyo inapotea visiwani kwa kukosa tu kufungua kitabu cha sarufi.

Kwa wanaosoma sayansi: karatasi ya tatu ya Kemia ni ya maabara, na shule nyingi zetu maabara hufunguliwa sana muhula wa mtihani. Mwendeeni mwalimu kwa heshima, mkiwa watatu au wanne, mumwombe Jumamosi moja kwa mwezi. Chukua titresheni, jaribio la kupima asidi kwa alkali. Asidi iko kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye koki chini, alkali umeipima kwa pipeti ukaitia kwenye chupa, umeongeza matone mawili ya fenolfthaleini na yote imekuwa rangi ya waridi. Mkono mmoja kwenye koki, mmoja unazungusha chupa. Mwanzo asidi inashuka na waridi haitingishiki. Kisha inaanza kufifia pale tone linapoangukia na kurudi ukizungusha. Hapo ndipo pa kubana koki, tone kwa tone, mpaka tone moja liiondoe rangi isirudi. Ukiachia matone matatu kwa pupa, kipimo kimeharibika. Soma bureti macho yakiwa usawa wa maji, sehemu ya chini ya ule mkunjo, na uandike desimali za namna moja jedwali zima. Haya yote ni mazoea ya mkono, na mkono hausomi usiku wa kuamkia mtihani. Chuoni, wiki za kwanza za maabara, watu huchukulia kwamba unayajua.

Sasa jambo ambalo naona limewatesa watu wa Lamu kuliko Hesabu: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Swaleh Athman Mohamed. Shule ya msingi ikaandika Saleh Athumani. Kitambulisho cha baba ni Athman Muhammad Bakari. Mtaani huyu ni mtu mmoja na babake anajulikana, lakini unapojaza maombi ya mkopo mfumo unaona watu watatu wasiojuana, na unakukatalia. Fanya hivi leo jioni. Muombe mama cheti chako cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho chake na cha baba, na karatasi yako ya mwisho ya mtihani. Vitandaze mkekani kimoja kando ya chengine, usome herufi kwa herufi: je, kuna h, kuna w, jina la babu liko au halipo, tarehe ya kuzaliwa ni moja?

Kosa la upande wa shule lirekebishwe kabla ya usajili wa KCSE kufungwa. Shule huchapisha orodha ya watahiniwa na kila mmoja hutakiwa kuhakiki jina lake na kutia sahihi. Wengi hutia sahihi wakizungumza na wenzao. Kosa likishaingia kwenye cheti, kulitoa ni barua, ada na safari. Likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, nenda ofisi ya usajili na mzazi mkiwa bado mna muda. Na aliyefiwa na mzazi ahakikishe cheti cha kifo kipo. Sisi tunazika haraka kama dini yetu inavyotaka, na baada ya hitima hakuna anayekumbuka karatasi. Miaka inapita, kijana anaomba ufadhili kama yatima, na anaulizwa ushahidi. Mwambieni ami au mjomba alifuatilie mapema, kwa adabu, maana ni jambo linalotonesha kidonda cha watu.

Kitambulisho nacho: ukitimiza miaka 18, anza. Usingoje matokeo. Familia zetu zinajua habari ya kusubiri karatasi hii, na bila yake hata safari ya basi kwenda Mombasa ni mashaka, maana askari wa vizuizini huiuliza.

Lingine ni la saiba, yale maduka ya kompyuta na intaneti. Tunamwendea kijana wa saiba, anatufungulia baruapepe, anatuandikia nenosiri, anaweka namba yake ya simu ili mambo yaende haraka, tunamlipa na kumshukuru. Mwaka mmoja baadaye KUCCPS au HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, inatuma ujumbe, na unakwenda kwenye simu ya mtu aliyehamia Malindi. Fungua baruapepe mwenyewe, yenye jina lako halisi, kwa namba yako au ya mama. Nenosiri liandike kwenye daftari linalokaa ndani ya sanduku la vyeti. Msaada wa kujaza fomu omba, haina aibu, lakini kila kinachoandikwa kisome kabla hakijatumwa.

Fedha. Tangu 2023 msaada wa serikali kwa wanafunzi wapya umekuwa sehemu mbili: ufadhili usiorudishwa, na mkopo wa HELB ambao utaulipa. Vyote huombwa, na asiyeomba hapewi hata awe na dhiki ya namna gani. Eleza hali ya nyumbani kwa ukweli. Baba akiwa mvuvi, sema mvuvi, na useme wako wangapi wanaosoma. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, huombwa upya kila mara, kwa hivyo usiwaachie wazee kazi ya kufuatilia tangazo. Pesa zikiingia, lipa chumba kwanza kabla ya chochote. Na aliyeitwa Eldoret anunue blanketi zito hapa pwani kabla hajapanda. Baridi ya kule si ya mchezo.

Baina ya matokeo ya Januari na kuripoti karibu na Septemba kuna miezi mingi. Wavulana wengi huingia kwenye mashua za wageni au bodaboda, na kazi hiyo siidharau hata kidogo, imesomesha watu. Ninachoomba ni saa moja ya kila siku ya kujifunza kuchapa kwa vidole vyote kwenye kompyuta. Chuoni kazi zote huchapwa, na anayetafuta herufi kwa kidole kimoja hukesha kwa kazi ambayo mwenzake ameimaliza magharibi.

Na wewe uliyekosa C+, usijifungie ndani. KUCCPS hiyo hiyo hupeleka watu kwenye diploma na vyeti vya ufundi. Bandari Maritime Academy na Kenya Coast National Polytechnic ziko Mombasa, na kwa mtoto aliyekulia baharini, katika kaunti ambayo gati ya kwanza ya bandari yake mpya ilifunguliwa 2021, kozi ya mambo ya bahari ni njia ya maana kabisa. Mimi ningemshauri mdogo wangu aichague mapema kuliko kung'ang'ania digrii asiyojua ni ya nini.

Dada zangu, mazungumzo na wazazi yaanze kidato cha tatu, yasingoje barua ya kuitwa. Mama anayeogopa kumwacha binti aende mbali haogopi elimu, anaogopa asichokijua: utalala wapi, na nani, utakula nini. Mpeleke kwa mama mwengine wa mtaani ambaye binti yake yuko Pwani University huko Kilifi, wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Nimeona nyumba zilizosema hapana mwaka mzima zikabadilika kwa kikao kimoja cha akina mama.

Ukishaingia, jua kwamba hakuna kengele na hakuna mwalimu wa zamu. Usiposajili masomo ya muhula kwa wakati, utakaa darasani mpaka mwisho na jina lako halimo kwenye orodha ya mtihani. Kila jaribio ulilosahihishiwa lihifadhi, lipige na picha, kwa sababu alama hupotea, na mwenye karatasi mkononi ndiye husikilizwa. Mhadhiri akisema jambo hukulielewa, mfuate baada ya kipindi. Sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, na adabu hiyo ni nzuri, lakini kuuliza kwa upole hakuivunji.

Siku ya kuripoti isikukute njiani. Anayetoka Faza au Kizingitini atazame maji kwanza kabla hajapanga boti, na mabasi ya Mokowe, upande wa bara, huondoka asubuhi bila kukungoja. Toka nyumbani siku mbili kabla, vyeti halisi ukivibeba mkononi na si kwenye begi linalopandishwa juu ya basi, nakala ukiwaachia nyumbani. Ukifika chuoni uliza walipo wanafunzi wa Lamu. Watakuonesha chumba cha bei nafuu, msikiti, na foleni gani uanze nayo.