Upande Mmoja Umenyamaza: Usiitupe Hedifoni Kabla Hujaipima

Ujumbe ulioingia wiki hii ni mfupi. Dada mmoja anasema hedifoni yake ya waya, yenye maikrofoni, inalia kulia tu; kushoto kulikatika ghafla, sasa kimya. Fundi aliitazama bila hata kuichomeka popote, akamwambia anunue nyingine. Anauliza kama ni kweli haitengenezeki.

Si kweli, au tuseme fundi hakuwa na haki ya kusema hivyo kabla ya kuipima. Kuipima hakuchukui dakika kumi. Hedifoni nyingi zinazoishia jalalani hazijafa: zimeziba, au waya umekatika mahali pamoja pafupi ambapo kila anayezitengeneza anapajua. Inauma kuona mtu anatoa pesa ya chakula cha siku mbili kununua nyingine ya bei ya chini, itakayokatika palepale baada ya miezi mitatu kwa sababu zilezile.

Anza kwa kubadilishana. Chomeka hedifoni yako kwenye simu nyingine, kisha hedifoni nyingine nzima kwenye simu yako. Kimya kikiifuata hedifoni, ugonjwa uko kwenye hedifoni. Kikibaki na simu, achana na waya kabisa. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya ufikivu, tafuta mstari wa kusawazisha sauti ya kushoto na kulia. Mtoto akishika simu anaweza kuuvuta mpaka mwisho bila mtu kujua. Urudishe katikati.

Kama mstari uko sawa, mulika tundu la simu kwa tochi. Mfukoni na kwenye mkoba kuna nyuzi za nguo, vumbi, hata unga, na kila unapochomeka pini unazishindilia chini zaidi, mpaka pini haifiki mwisho. Utaijua kwa kuwa haitoi ule mlio wa kukaa, inachezacheza na kuchomoka ovyo. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwaruza taratibu kuelekea nje. Sindano na pini za nywele ziache mbali. Mle ndani kuna vijilimi vya chuma vinavyoishika pini, na kimoja tu kikipinda, ukarabati unahamia kwenye simu, ambao ni ghali kuliko hedifoni tano. Wala usipulize kwa mdomo, kwani unapeleka unyevu.

Ugonjwa ukiwa kwenye hedifoni, swali linalofuata ndilo linaloamua kila kitu: sauti ilipotea vipi? Kama imefifia polepole, wiki hadi wiki, mpaka upande mmoja ukawa mdogo kuliko mwingine, ni nta ya masikio. Kama imekatika ghafla, au inakuja na kupotea unapotikisa waya, ni waya. Anayechanganya haya mawili atafungua hedifoni nzima kutafuta waya uliokatika wakati kinachohitajika ni mswaki.

Tuanze na nta. Vua raba ya sikioni, mulika kiwavu kilicho kwenye mdomo wa hedifoni. Kikiwa na rangi ya kahawia au kinang'aa kwa mafuta, umempata mkosaji. Shika hedifoni kiwavu kikitazama chini, sugua kwa mswaki laini mkavu, ili kinachobanduka kidondoke nje badala ya kuingia ndani. Nta iliyoganda sana, bonyezea ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, kisha ivute kwa ghafla. Rudia mara tano au sita. Ikibaki kidogo, lowanisha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, kikamue kwanza, pitisha juu ya kiwavu huku bado kinatazama chini, acha ikauke. Ukimimina alkoholi, nta itayeyuka na kupita kwenye kiwavu, iende kuganda juu ya utando unaotoa sauti. Utando huo uko milimita chache tu nyuma ya kiwavu na ni mwembamba kuliko karatasi. Ndiyo maana sindano hairuhusiwi hapa pia, wala mashine ya kufyonza vumbi. Na ukimpelekea fundi, usikubali asafishe kwa thina au petroli, maana vinakula plastiki na gundi.

Raba zenyewe zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Zile za sifongo usizitie alkoholi, zitabomoka. Zifute tu, na zikichakaa nunua nyingine. Hapa kuna kosa linalofanya watu wailaumu spika yenyewe: besi imepotea. Wimbo ukiwa unapiga, bonyeza hedifoni kidogo ndani ya sikio. Besi ikirudi, spika ni nzima, raba ni ndogo, na hewa inavuja. Panda saizi moja. Masikio ya mtu mmoja hayalingani siku zote, kwa hiyo hakuna ubaya kuvaa ya kati kushoto na kubwa kulia. Tena, ukisikia mlio kama wa plastiki inayokunjwa wakati wa kuvaa, ni hewa iliyobanwa inaukunja utando. Vuta sikio juu kidogo, ingiza polepole. Kile kitundu kidogo kilicho kwenye mwili wa hedifoni ni cha kupitisha hewa. Usikizibe kwa gundi wala selotepu.

Sasa waya, ambako ndiko kwenye kazi. Cheza sauti ya mtu anayeongea, kisha anza kwenye pini, pinda waya sentimita moja moja ukipanda juu. Mahali ambapo upande uliokufa unashtuka na kulia ndipo palipokatika. Mara nyingi ni ndani ya sentimita tatu za kwanza kutoka kwenye pini, kwa sababu hapo waya laini unakutana na plastiki ngumu na kupinda upande uleule kila siku. Baada ya hapo, angalia kwenye kikasha cha maikrofoni, kwenye njia panda ambapo waya unagawanyika, na mwisho kwenye shingo ya hedifoni yenyewe.

Mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ahakikishe. Itazame pini kwanza. Mistari miwili myeusi ina maana vipande vitatu vya chuma: ncha ni kushoto, cha pili ni kulia, cha tatu ni waya wa pamoja unaorudisha umeme wa pande zote. Mistari mitatu ina maana vipande vinne. Kwa mpangilio wa simu nyingi za sasa, cha tatu ni huo wa pamoja na cha nne ni maikrofoni. Weka multimita kwenye omu 200 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa ncha na kipande cha tatu. Upande mzima utasoma namba iliyo karibu na ile ya kwenye boksi, kwa kawaida 16 au 32, na utasikia mkwaruzo mdogo ndani ya hedifoni. Isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma sifuri au karibu yake, waya zimegusana.

Kama pamekatika karibu na pini, nunua pini ya kuunga ya milimita 3.5 yenye idadi ileile ya vipande. Kata waya sentimita nne juu ya pini ya zamani, ili utupe sehemu yote iliyochoka. Kabla hujagusa risasi ya kulehemia, pitisha kifuniko cha pini mpya kwenye waya, kikifuatiwa na kimpira kinachosinyaa kwa joto. Usipokipitisha mapema, utaunga vizuri kisha ulazimike kubandua ulichounga na kuanza upya. Menya sentimita moja na nusu. Kawaida nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, zenye rangi ya shaba ni za pamoja, na ya maikrofoni huwa na rangi yake. Hiyo ni desturi tu, si sheria, kwa hiyo multimita iseme kabla ya wewe kuunga. Zikiwa mbili za shaba, moja ya kushoto na nyingine ya kulia, zisokote pamoja.

Hapa ndipo wengi hushindwa na kusema waya haushiki risasi. Hautashika, kwa sababu ile rangi ni vanishi inayozuia umeme, na chini yake kuna nyuzi za shaba zilizosokotwa na nyuzi za nailoni. Yeyusha tone la risasi kwenye ncha ya chuma cha kulehemia, ingiza ncha ya waya ndani ya tone hilo mpaka vanishi ifuke moshi na waya ung'ae kama fedha. Fungua dirisha. Ukitumia kiberiti, iwe sekunde moja, kisha sugua kwa msasa laini. Nyuzi za nailoni zikate. Unga kila waya kwa haraka, sekunde mbili tatu kila mahali, kwa kuwa plastiki inayotenganisha vipande vya pini huyeyuka na vipande vikagusana. Pima tena, sikiliza pande zote mbili, ndipo ufunge kifuniko.

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya hata mafundi: muziki unasikika lakini mwimbaji ametokomea, kama anaimba kwenye pipa nyumba ya tatu. Hapo waya wa pamoja haugusi. Umeme unapita spika ya kushoto moja kwa moja hadi ya kulia, na chochote kilicho sawa pande zote, ambacho hasa ni sauti ya mwimbaji, kinajifuta. Sukuma pini mpaka mwisho kwanza. Kisha bonyeza kitufe cha kupokelea simu bila kukiachia. Mwimbaji akirudi, hedifoni ni nzima. Imetengenezwa kwa mpangilio wa zamani ambao unabadilisha nafasi ya maikrofoni na waya wa pamoja. Kiunganishi kidogo cha kubadilisha nafasi hizo kinamaliza kazi.

Zisizo na waya zina adabu yake. Upande mmoja ukinyamaza, usiwaze spika, waza chaji. Jasho na nta hukaa kwenye vile vidoti vya chuma, vya hedifoni na vya ndani ya kikasha chake cha kuchajia, na upande huo ukalala usiku kucha bila kuchajiwa. Futa vidoti vyote kwa pamba kavu, vyenye ukijani kwa alkoholi kidogo. Ikiwa ni mpya kabisa, angalia kama kikaratasi cha plastiki hakijabaki kwenye vidoti. Kisha ifute hedifoni kwenye orodha ya Bluetooth ya kila simu iliyowahi kuunganishwa, rudisha zote mbili ndani ya kikasha, uzianzishe upya kwa namna iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Kwa AirPods za Apple zenye kitufe nyuma ya kikasha, ni kufungua kifuniko na kukibonyeza kama sekunde 15, mpaka taa iwe ya rangi ya kaharabu halafu nyeupe. Muziki ukiharibika unapopiga simu si ubovu: maikrofoni ikiwaka, Bluetooth huhamia kwenye sauti nyembamba ya mazungumzo. Na sauti ikikatakata simu ikiwa mfuko wa nyuma, ihamishe. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji yanameza mawimbi hayo.

Wakazi wa pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, mna adui wa ziada, chumvi ya jasho na ya hewani. Baada ya mazoezi futa kwa kitambaa kikavu, na usifungie hedifoni yenye unyevu ndani ya kikasha. Kwenye alama za kuvumilia maji, IPX4 ni ya matone na jasho. IPX7 ni maji baridi ya kawaida, kina cha mita moja, dakika 30. Haikuahidi bahari wala sabuni. Ikilowa, mchele hausaidii, unaongeza vumbi la wanga. Ile mifuko midogo ya chengachenga kutoka kwenye maboksi ya viatu, ndani ya kopo lililofungwa kwa siku moja au mbili, inafaa zaidi.

Na sauti. Hedifoni iliyoziba humfanya mtu aongeze, kisha anaizoea, kisha kelele za daladala zinamfanya aongeze tena. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa zinashuka hadi nne. Nne kwa wiki nzima! Safisha kiwavu, vaa raba inayoziba sawasawa, utashusha sauti bila kulazimishwa. Hedifoni inaungwa kwa risasi, lakini vinywele vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Wazazi, shikeni simu za watoto wenu mtazame mstari wa kuongeza sauti umefika wapi.

Kwa dada aliyeandika: umesema kushoto kulikatika ghafla. Huo ni waya. Anza kupinda kwenye pini. Ikilia ndani ya zile sentimita tatu, mpelekee fundi mwingine, mwambie akate sentimita nne na aweke pini ya vipande vinne, na umwombe aijaribu mbele yako, pande zote mbili na maikrofoni, kabla hujamlipa. Ikirudi, usiizungushie simu tena. Ikunje kwa matanzi makubwa ya upana wa vidole vinne, na unapochomoa, shika pini, si waya.