Naangalia mguu uliosimama

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ni kitu gani ulichoanza kujifunza ukiwa mtu mzima, na kimebadilisha nini kwako?" Jibu langu ni baleti, ile dansi ya jukwaani iliyotoka Ulaya. Nina miaka 46, ni fundi cherehani hapa Tabata, na ninajifunzia sebuleni kwangu usiku, mkono mmoja ukiwa kwenye nondo za dirisha.

Iliniingia kupitia kazi. Mwaka juzi mteja mmoja aliniletea sketi ya binti yake ya maonyesho ya shule. Kiuno kilikuwa kinambana mtoto, na zilikuwa zimebaki siku nne. Nimeshona magauni ya harusi, sare za shule na madera yasiyo na hesabu, lakini nguo ya namna ile sikuwahi kuishika. Ilikuwa na neti ngumu tabaka 8, kila tabaka fupi kuliko lililo juu yake, na zote zimeshikizwa pamoja kwa nyuzi zilizoachwa zikilegea, ndefu kama kidole. Wacheza baleti wanaiita tutu. Niliziona zile nyuzi nikadhani ni kazi iliyoachwa njiani, nikataka kuzikata. Kabla sijashika mkasi nikaona heri niitazame kwanza nguo hiyo ikichezewa, nikatafuta kwenye simu. Nikaelewa: nyuzi zile ndizo zinazofanya tabaka zote zitembee kama kitu kimoja bila kukunjamana. Sketi niliimaliza kwa wakati. Ila simu sikuizima.

Miezi ya mwanzo nilikuwa mtazamaji tu, na nilitazama kama wengi tunavyotazama: mguu ulio hewani. Umefika juu kiasi gani, umenyooka vipi, amezunguka mara ngapi. Nilisoma kwamba mwaka 1895, huko St Petersburg, Pierina Legnani alizunguka mara 32 juu ya mguu mmoja ndani ya onyesho la baleti liitwalo Swan Lake, na tangu hapo watazamaji hukaa wakihesabu. Na mimi nikahesabu.

Kilichonitoa kwenye kuhesabu ni maneno. Majina ya hatua za baleti ni ya Kifaransa, na nilikuwa nimeyaogopa mpaka nilipoyatafutia maana. Plie ni kukunjwa. Tendu ni kunyooshwa. Jete ni kurushwa, fondu ni kuyeyuka. Basi ni hayo tu! Ni vitenzi vya nyumbani, na viwili kati yake navifanya kutwa nzima mezani kwangu, nakunja kitambaa, nanyoosha kitambaa. Usiku ule nilisogeza meza ya sebuleni, nikashika nondo za dirisha, nikakunja magoti. Visigino vilibaki chini, mgongo ukabaki wima, nikapanda tena polepole. Nikarudia mara nane. Mapaja yalitetemeka kama nimetoka kupanda ghorofa kumi.

Sasa nieleze kosa langu, maana najua yupo msomaji atakayetaka kujaribu. Katika baleti miguu hugeuzwa nje. Kuna mikao mitano ya miguu, na mpangilio wake husemwa ni kazi ya Pierre Beauchamp, mwalimu wa dansi wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, katika karne ya 17. Kwenye picha, mkao wa kwanza unaonyesha visigino vimegusana na vidole vimeelekea huku na huku, mstari mmoja ulionyooka. Niliiga picha. Nilipanga nyayo kwanza, juu ya marumaru, halafu nikaulazimisha mwili ufuate. Wiki ya sita goti la kulia likavimba upande wa ndani.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwa mikono yake miwili. Goti ni kama bawaba: hukunja na kunyoosha, lakini kuzunguka haliwezi ila kidogo sana. Kinachozunguka ni nyonga, ambako kichwa cha mfupa wa paja kimekaa ndani ya kikombe chake. Ukiukwamisha unyayo sakafuni na paja halijageuka, tofauti yote inalibebesha goti. Akanifundisha kupima kikomo changu kilipo. Lala chali kwenye mkeka, nyoosha miguu, vidole vitazame dari, kisha zungusha mapaja nje bila kuvikaza vidole. Vinapoishia, hapo ndipo pako. Pangu ni padogo, kama mkasi uliofunguliwa nusu. Siku hizi nasimama hapo na siongezi hata nukta. Kila nikikunja, nahakikisha goti linapita juu ya vidole na haliangukii ndani. Tangu hapo goti halijanisumbua.

Kuruka nimeacha. Sakafu za studio za baleti hujengwa ziwe na mnepo. Yangu ni marumaru juu ya zege. Badala ya kuruka napanda juu ya nyayo za mbele na kushuka taratibu, mara 16. Viatu vile vya kusimamia ncha za vidole navyo sivigusi. Mbele vimekazwa kwa tabaka za kitambaa, karatasi na gundi, na anayevivaa huwa ameshautengeneza mguu kwa miaka chini ya macho ya mwalimu. Mimi sina mwalimu.

Hilo la kukosa mwalimu ndilo gumu kuliko yote. Madarasa ninayoyajua ni ya watoto, tena mchana, saa ambayo wateja wamejaa dukani. Nyumbani hakuna wa kukuambia bega limepanda. Nasimamisha simu kwenye stuli, najirekodi dakika mbili, natazama, nafuta. Na kuna siku moja ninayoingojea: tangu 2014 makampuni makubwa ya baleti, Royal Ballet ya London ikiwemo, huwa na siku yao ya kurusha mazoezi mtandaoni bila malipo. Mwaka jana niliweka bando la kutosha nikaangalia darasa lao la asubuhi mwanzo mpaka mwisho. Wale wachezaji wakubwa walikuwa wameshika bomba, wamevaa soksi zilizochakaa, na walianza na nini? Na plie. Ileile ya kwangu ya dirishani. Nililia kidogo, na sioni haya kuandika hivyo.

Baada ya hapo ndipo macho yangu yalipobadilika. Kuna onyesho liitwalo La Bayadère, lililotungwa na Marius Petipa mwaka 1877. Ndani yake wanawake waliovaa nyeupe wanashuka mteremko mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anafanya jambo moja tu: mguu mmoja unanyooka nyuma, anarudi, anapiga hatua, anarudia. Wa kwanza anayeshuka huirudia mpaka wa mwisho atokeze. Nilikuwa nimeitazama kabla nikaiona nzuri, basi. Safari hii nilisimamisha picha, nikatazama chini. Goti la mguu unaobeba mwili limekunjwa, kwenye mteremko, na halitikisiki. Mguu wa nyuma unaonekana mwepesi kwa sababu huu wa chini umebeba kila kitu.

Nilikuwa nimeanza kuujua mguu ule kwa mwili wangu. Ukiinua mguu mmoja, nyonga ya upande wa pili hutaka kutoka nje, kama mama aliyempakata mtoto ubavuni. Sisi tuliobeba watoto na ndoo nyonga imeshazoea hivyo. Baleti inaitaka irudi juu ya unyayo, mwili usimame kama nguzo. Mwanzo nilizikamata nondo kama abiria wa daladala anavyokamata bomba. Sasa vidole vinazigusa tu, na ipo siku nimeziachia nikahesabu mpaka sita.

Mama yangu, mzaliwa wa Newala, ninaishi naye. Wiki za mwanzo alinitazama kimya kutoka kwenye kochi. Jioni moja akasema, "Mwanangu, mbona wapaa hujakaa? Kaa kwanza chini, ndipo uende juu." Mama amecheza sindimba tangu usichana wake, na magoti yake yanajua. Alichokisema ndicho kilichomo ndani ya plie: kupanda kote huanzia kwenye kukunja na kuishia kwenye kukunja.

Wapo wanaoniambia haya ni mambo ya Wazungu. Huwa nawajibu kwamba hata huko Ulaya baleti ilisafiri. Ilianzia kwenye kasri za Italia, ikakulia Ufaransa, na Petipa huyo aliyeitungia Urusi maonyesho yake makubwa alizaliwa Marseille, akafika St Petersburg mwaka 1847. Taarabu yetu ina fidla na kanuni, na ikipigwa harusini hakuna anayeuliza vilitoka wapi.

Kuna jambo la rangi, hata hivyo, ambalo kama fundi siwezi kulipita. Viatu na soksi za baleti kwa desturi ni vya waridi, ili mguu uonekane mstari mmoja tangu kiunoni hadi kidoleni. Kwa ngozi ya nani? Ukivaa waridi kwenye ngozi yangu, mstari unakatika kifundoni, kama kushona kitenge cheusi kwa uzi mweupe. Arthur Mitchell, mchezaji wa baleti Mmarekani mweusi aliyeanzisha kundi la Dance Theatre of Harlem huko New York mwaka 1969 pamoja na Karel Shook, aliwavalisha wachezaji wake soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao. Mwaka 2018 tu ndipo watengeneza viatu vya baleti Freed of London, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black, walipotoa viatu vya ncha vya rangi za kahawia. Vya kwangu nimeshona mwenyewe: kanvasi laini, lastiki juu ya mguu, na vipande viwili vya ngozi ya mkoba wa mtumba, kimoja kisiginoni na kimoja mbele. Kanvasi niliichovya rangi mara tatu mpaka ikafanana nami. Nilipojirekodi mara ya kwanza nimevivaa niliuona mguu wangu mzima, na nikaupenda.

Mwezi uliopita yule mteja alirudi na binti yake, amerefuka, anataka nguo mpya. Zamani ningempima amesimama, mikono chini. Safari hii nilimwambia ainue mikono juu ya kichwa kama aliyebeba kapu kubwa, akunje magoti, ainame pembeni, na kila mkao nikapima upya. Niliona nguo ingemvuta kwapani, nikaamua kuongeza kipande cha kwapani kila upande.

"Anti, umejuaje?" akaniuliza.

Nilivua kandambili, nikashika ukingo wa meza ya kukatia, nikanyoosha mguu wa nyuma. Mtoto hakuuangalia. Alichuchumaa, akatazama ule niliousimamia, akagusa paja langu kwa kidole juu kidogo ya goti.

"Hapa, anti. Vuta juu hapa."

Nikavuta.