Unajua solfa? Nota za mistari zisikutishe

Msomaji mmoja wa Newala ameniandikia. Anapiga kinanda kwenye kwaya, solfa (nota za d, r, m) anaisoma bila kusita, na wimbo wowote anaupiga kwenye keyi ya C kisha anaupandisha kwa kitufe cha transipozi. Sasa kaletewa karatasi ya nota za mistari. Juu imeandikwa Andante, pembeni kuna flati moja (alama ya kushusha nota nusu hatua) na 6/8, katikati kuna mf na rit., mwishoni D.C. al Fine. "Shikamoo mwalimu, nianzie wapi? Au niwaombe tu waniandikie kwa solfa?"

Marahaba. Usiwaombe.

Wala usiitupe solfa yako, maana ni nusu ya safari. John Curwen, mchungaji wa Kiingereza aliyeieneza solfa karne ya 19, alikuwa na waimbaji akilini. Mwimbaji hana haja ya kujua kama anaimba F au G. Anachohitaji ni umbali wa nota yake kutoka kwenye do. Mpiga kinanda ni mtu mwingine. Kidole chake lazima kitue mahali fulani, na solfa haisemi ni wapi mpaka uambiwe do ni ipi. Mistari mitano inasema mahali, solfa inasema kazi ya nota ndani ya keyi. Ukizishika zote mbili, unamzidi yule aliyefundishwa mistari peke yake na hasikii kitu kichwani mpaka abonyeze.

Kuhusu transipozi niseme wazi: inakudumaza. Ukiiweka +5, unabonyeza C inatoka F, kwaya inafurahi. Halafu umeme unakatika, na huku kwetu hilo si jambo la kubahatisha. Vinanda vingi vikiwashwa upya vinarudi sifuri, wewe unaingia na C yako ileile, na besi wanazama chini kabisa. Kosa la pili linawapata hasa wanaoanza kusoma mistari: karatasi iko F, wanapiga F kama ilivyoandikwa, lakini +5 ya jana bado ipo, kwa hiyo inasikika B flati. Kabla ya kufungua karatasi yoyote ya mistari, hakikisha transipozi inasoma sifuri.

Mahali pa nota usikariri zote kwa mkupuo. Shika tatu tu. Klefu ya juu, ile alama iliyojikunja mwanzoni mwa mistari, mkunjo wake unauzunguka mstari wa pili kutoka chini, na mstari huo ni G. Klefu ya besi ina nukta mbili, na mstari unaopita katikati yake, wa nne kutoka chini, ni F. Katikati ya hizo mbili iko C ya kati, yenye kijimstari chake peke yake. Kwenye kinanda cha vitufe 61 hiyo ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto. Kwenye piano kamili ya vitufe 88 ni ya nne. Nota nyingine zote zihesabu kutoka hapo: kutoka mstarini kwenda kwenye nafasi inayofuata ni hatua moja, kutoka mstari hadi mstari umeruka moja katikati. Nota tatu zilizopangana mstari, mstari, mstari, au nafasi, nafasi, nafasi, ni kodi (chord, nota zinazopigwa pamoja) ya kawaida, na jicho likizoea umbo hilo hutalihesabu tena.

Sasa flati ile moja, maana hapo ndipo solfa yako inapolipa. Zikiwa shapu (alama za kupandisha nota nusu hatua), ya mwisho kulia daima ni ti, kwa hiyo do ni nusu hatua juu yake. Shapu moja ni F shapu, do ni G. Shapu mbili, ya mwisho ni C shapu, do ni D. Zikiwa flati, ya mwisho daima ni fa. Flati moja ni B flati. Hiyo ni fa, shuka m, r, d: unafika F. Zikiwa mbili au zaidi njia ni fupi zaidi, flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Flati tatu ni B, E, A; ya pili kutoka mwisho ni E, basi do ni E flati.

Tahadhari moja. Alama hizohizo zinatumika pia kwa keyi ndogo, ile inayokaa kwenye la. Flati moja inaweza kuwa F kubwa au D ndogo. Tazama nota ya mwisho ya besi: ikiwa D, na njiani umekutana na C shapu mara kwa mara, uko D ndogo. Hiyo C shapu ndiyo ile "se" unayoijua, yaani sol iliyopandishwa nusu hatua.

Chukua daftari, tuandike. Do ni F, mapigo matatu:

:s₁ | d :– :r | m :– :d | f :m :r | d :– ‖

Chora mistari mitano kwa rula, ukiacha milimita 3 kati ya mmoja na mwingine. Weka klefu ya juu, kisha flati kwenye mstari wa tatu, kisha 3/4. S₁, yaani sol ya chini, ni C ya kati, chini ya mistari, na kwa kuwa inaingia kabla ya pigo zito, isimame peke yake kabla ya mstari wa kwanza wa baa (mstari wa wima unaotenga fungu moja la mapigo na jingine). D ni F, nafasi ya kwanza kutoka chini. Ina kistari kinachoirefusha, kwa hiyo ni minimu ya mapigo mawili. R ni G, mstari wa pili, krocheti ya pigo moja. M ni A, nafasi ya pili, minimu, kisha unarudi F krocheti. Halafu B, A, G, krocheti tatu, na mwisho F minimu. Baa ya mwisho ina mapigo mawili tu, nayo ni sahihi, kwa sababu pigo la tatu ulilitumia mwanzoni.

Wanaoanza huharibu mahali pawili hapa. Wanaiandikia B flati yake tena pembeni, wakati ile ya mwanzoni mwa mstari imeshamaliza kazi. Au wanaisahau kabisa na kubonyeza B nyeupe. Sikio lako la solfa litakukamata mara moja, maana hiyo si fa tena, ni fe, yaani fa iliyopandishwa nusu hatua. Mkono wa kulia upige F, G, A, B flati kwa vidole 1, 2, 3, 4, halafu gumba lipite chini lishike C. Namba 1 ni gumba kwa mikono yote miwili, na waliotoka kwenye gitaa ndio hasa wanaochanganya hapo. Andika hivyo nyimbo unazozijua kwa moyo, moja kila siku, mistari minne au mitano tu. Kuandika kunafundisha haraka kuliko kusoma, ingawa wengi hawapendi kusikia hivyo.

Shapu au flati ikitokea katikati ya wimbo inashika mpaka mwisho wa baa ile, kwenye nota ya mahali palepale. Nota ya jina hilohilo iliyo oktava nyingine, juu au chini zaidi, haiguswi. Mtu wa solfa anaanguka hapa. Kwenye solfa "fe" inaandikwa kila inapotokea. Kwenye mistari shapu inaandikwa mara moja, na nota ileile ikirudi pigo la tatu la baa hiyo bado ni shapu hata kama haina alama. Mstari wa baa ukipita, imefutika.

Nukta nayo ina mtego. Kwenye solfa nukta inagawa pigo nusu kwa nusu. Kwenye mistari nukta iliyo pembeni ya nota inairefusha kwa nusu ya thamani yake: krocheti ya pigo moja inakuwa pigo moja na nusu. Nukta ikikaa juu au chini ya nota hairefushi kitu, inakuambia uikate fupi, yaani staccato. Upinde nao ni wa aina mbili. Ukiunganisha nota mbili za mahali pamoja, bonyeza mara moja ushikilie zote. Ukipita juu ya nota tofauti, zipige bila kuachanisha.

Tuje kwenye 6/8, ambayo kwa maoni yangu inaharibu nyimbo nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi. Baa ya 6/8 ina kwava (nusu ya krocheti) sita. Baa ya 3/4 nayo ina kwava sita. Tofauti ni mafungu: 6/8 ni mafungu mawili ya tatutatu, 3/4 ni mafungu matatu ya mbilimbili. Karatasi inakuonyesha kwa jinsi mikia ya kwava ilivyoungwa. Mpiga kayamba anaweza kuchapa zote sita na usijue uko wapi. Mguu ndio unaosema, mara mbili kwa baa au mara tatu.

Na ukihesabu, achana na "moja na mbili na". Moja ina silabi mbili tayari. Ukiongeza "na" zinakuwa tatu, na kwava zako mbili zinageuka tatu bila wewe kujua. Gawa pigo kwa majina ya kwetu. Kwava mbili kwa pigo: Li-ndi. Tatu kwa pigo: Ma-sa-si. Semikwava nne kwa pigo: Mi-ki-nda-ni. Basi 3/4 ni Lindi Lindi Lindi, mguu mara tatu, na 6/8 ni Masasi Masasi, mguu mara mbili. Kiswahili kinatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukitamka Ma-SA-si kama tunavyoongea, mguu utateleza kwenye silabi isiyo yake. Sema MA-sa-si, MI-ki-nda-ni, mguu ukishuka kwenye silabi ya kwanza. Sema kwa sauti kabla hujagusa kinanda. Ukiona aibu, funga mlango.

Maneno ya Kiitaliano ni mepesi ukilinganisha na hayo. Andante ni mwendo wa kutembea, takribani mapigo 76 hadi 108 kwa dakika. Pakua metronomu (kipima mwendo) kwenye simu. Allegro ni haraka kuliko hapo, Adagio ni polepole. Mtunzi akiandika namba, fuata namba. Kwenye 6/8 angalia kwanza namba hiyo imewekewa nota gani: kwa kawaida ni krocheti yenye nukta, yaani Masasi moja nzima. Ukiifanya ya kwava, wimbo utakufa njiani.

P ni kwa sauti ndogo, f ni kwa nguvu, m ikitangulia ni kiasi, hivyo mf ni nguvu ya wastani. Lakini vinanda vya bei ndogo mara nyingi havihisi nguvu ya kidole. Ubonyeze kwa hasira au kwa upole sauti ni ileile. Tafuta kwenye menyu kama kuna "Touch" iliyozimwa. Kama haipo kabisa, kwenye p punguza nota za mkono wa kushoto, baki na besi peke yake, na kwenye f rudisha kodi nzima. Anayesubiri fedha za korosho ili anunue kinanda, aulize hilo kwanza kabla ya kuuliza kina midundo mingapi. Ukiunganisha pedali, usiikanyage wakati unawasha: vinanda vingine vinaisoma kinyume, na sauti itabaki inavuma kila unapoiachia.

Rit. ni kupunguza mwendo kidogo kidogo, si kufunga breki. Mwendo wa mwanzo unarudi ukiona "a tempo". D.C. al Fine: rudi mwanzo kabisa, piga mpaka neno Fine, ishia hapo. Fine mara nyingi iko katikati ya karatasi na mara ya kwanza unaipita bila kusimama, kwa hiyo izungushie penseli mapema. Mkisharudi kwa D.C., zile alama za kurudia za njiani kwa desturi hazirudiwi tena; kubalianeni na kiongozi wa kwaya kabla, kwa sababu nusu ya kwaya itarudia na nusu itaendelea.

Usiandike C, D, E chini ya kila nota. Jicho litasoma herufi na mistari itabaki mapambo. Andika nota ya kwanza ya kila mstari kwa penseli, kisha uifute ukishauzoea wimbo.

Nimeitazama picha ya karatasi aliyoituma. Sauti nne zimeandikwa kila moja kwenye mistari yake, na waimbaji wa tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume) wana klefu ya juu yenye 8 ndogo chini. Nane hiyo inamaanisha nota zote za tena zinasikika oktava moja chini ya zilivyoandikwa. Ukizipiga mahali ulipoziona, tena watakaa katikati ya alto, wataimba juu kupita kiasi, na utadhani wao ndio wenye kosa. Zishushe oktava, uzipige kwa mkono wa kushoto pamoja na besi. Na pale ambapo tena na besi wako mbali kuliko vidole vyako vinavyofika, mpe tena mkono wa kulia chini ya alto.