Rial 945 nilizoziacha Oman

Mhasibu alinisukumia karatasi juu ya meza, akaweka kalamu juu yake, akarudi kwenye simu yake. Ilikuwa Juni 2022. Nilikuwa nimemaliza miaka mitano nikifundisha Kiingereza katika shule ya binafsi mjini Ibra, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Muscat, na karatasi ile ilikuwa ya kiinua mgongo changu. Hesabu nilikuwa nimeshazipiga usiku. Mshahara rial 450. Sheria ya wakati ule ilitoa nusu mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo, na mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Jumla miezi mitatu na nusu, rial 1,575. Kiwanja cha Mtwapa nilikuwa nimeshakitolea arubuni.

Karatasi ilisema 630.

"Kuna makosa hapa," nikamwambia. Hakubisha. Alifungua faili langu, akageuza kurasa mbili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Chini ya ukurasa palikuwa na saini yangu ya mwaka 2017. Mshahara wa msingi: rial 180. Zile 270 zilizobaki zilikuwa posho ya nyumba, posho ya usafiri, na kitu kilichoandikwa "posho nyinginezo". Kiinua mgongo hupigwa kwa msingi peke yake. Hakuna aliyeniibia hata baisa moja, na hilo ndilo lililonikera mpaka nikakosa usingizi wiki nzima.

Walimu wanaojiandaa kwenda Ghuba huniuliza habari za joto, habari za mavazi, na kama watoto wa kule wana adabu. Hayo utayazoea ndani ya muhula mmoja. Mimi huwauliza: mkataba umeusoma, au umeangalia jumla tu?

Mimi niliangalia jumla. Niliusaini kwenye kochi la ofisi ya wakala hapa Mombasa, mwenyewe kasimama mlangoni na funguo mkononi, anataka kuwahi swala ya Ijumaa. Rial 450 wakati ule ilikuwa kama shilingi 120,000 za Kenya, na rial haiyumbi, maana imefungwa kwenye dola tangu 1986, moja kwa dola 2.6. Kodi ya mapato hakuna. (Sasa sheria imeshapitishwa, lakini itaanza 2028 na itawagusa wanaopata zaidi ya rial 42,000 kwa mwaka. Mwalimu kutoka Kisauni alale tu.) Nikatiwa kiwi cha macho, nikasaini.

Laiti ningejua, ningeomba kitu kimoja. Shule haipotezi chochote mwisho wa mwezi ikikuandikia msingi 300 na posho 150 badala ya 180 na 270. Jumla ni ileile. Ndiyo maana ombi hilo hukubaliwa kwa wepesi kuliko ombi la nyongeza, mradi uliombe kabla ya kusaini. Mwenzangu aliyekwenda Oman mwishoni mwa 2023 nilimtonya, akaomba 300, wakamwandikia 280 bila kelele. Na yeye ana bahati ya pili: sheria mpya ya kazi ya Oman ya 2023 inatoa mshahara wa msingi wa mwezi mzima kwa kila mwaka, tangu mwaka wa kwanza. Akikaa miaka mitano bila kupandishwa hata mara moja, ana 1,400 zake.

Ukishaupata huo mstari wa mshahara wa msingi, tafuta Julai na Agosti. Shule hufungwa Juni na walimu hurudi mwishoni mwa Agosti, na kuna mikataba ya miezi kumi inayokuacha hiyo miwili bila senti. Na kukaa kule kiangazi hukuwezi. Juni 2018, pale Qurayyat pwani, usiku kucha joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Utalipia umeme wa kiyoyozi na huna mshahara.

Halafu visa. Ukiambiwa "njoo na visa ya matembezi, tutakubadilishia ukifika", baki kwenu. Na hiyo ya kazi yenyewe isome, kwa sababu imeandikwa wewe ni nani. Nilijuana na dada mmoja wa Nakuru, shahada yake ya ualimu kamili, visa imemwandika msafishaji kwa kuwa shule ilikuwa imemaliza nafasi zake za walimu. Wakaguzi wa wizara wakija, yeye anaingia maktaba na kujifanya anapanguza rafu. Mwaka mzima. Siku alipogombana na mkuu wa shule hakuwa na pa kwenda kushtaki, kwani angeanza vipi?

Vyeti vipigwe mihuri yote hapa nyumbani, wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa Oman Nairobi, kabla hujapanda ndege. Muhuri mmoja ukikosekana, ndugu yako ndiye atakayelala kwenye basi la Nairobi kwa ajili yako. Pasipoti ni yako, usikubali iwekwe kabatini kwa mtu. Na ukisikia hadithi za kutisha kwamba ukiacha mwajiri huwezi kurudi Oman kwa miaka miwili, jua kuwa zilikuwa za kweli kwa asiyepewa barua ya ridhaa na mwajiri wake. Tangu Januari 2021 aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwingine bila hiyo barua.

Sasa lile linalouma. Tangazo likisema wanataka "mzungumzaji mzawa" wa Kiingereza, halizungumzii ulimi wako, linazungumzia pasipoti: Uingereza, Marekani, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi, Afrika Kusini. Mwenzangu wa meza ya pili, binti wa Ayalandi wa miaka ishirini na minne, alikuwa akipata zaidi ya mara mbili ya mshahara wangu. Maandalio ya somo tuliandika pamoja, yaani niliandika mimi. Alikuwa mtu mwema na nilimpenda, na ni yeye mwenyewe aliyenionyesha karatasi yake ya mshahara, uso umemwiva kwa aibu. Nilikasirika miezi sita. Haikuniongezea kitu. Kama una nguvu za kukasirika, zitumie kusoma uzamili, maana vyuo vinalipa vizuri kuliko shule na vingi haviajiri bila hiyo. Mimi sikusoma, na sina wa kumlaumu.

Darasani nilikuwa na raha. Mtoto wa darasa la kwanza amezoea kuandika kutoka kulia, kwa hiyo herufi zake ni nzuri kabisa ila neno linatoka kinyumenyume, na yeye anakutazama akingoja sifa. Kiarabu hakina herufi p, basi penseli inakuwa "bencil" na polisi "bolis". Nilikata vipande vya karatasi ya daftari, kila mtoto akashika chake mbele ya midomo: ukisema p karatasi inaruka, ukisema b inatulia. Siku ile darasa zima lilipuliza karatasi mpaka mwalimu wa hisabati wa chumba cha pili akaja kulalamika. Wiki mbili baadaye "bencil" ilirudi. Tukapuliza tena.

Nilidhani maneno yetu tuliyokopa kwa Waarabu yangenivusha. Kitabu ni kitabu, kalamu ni kalamu, na daftari halikataliwi. Kiyoyozi kikamwaga maji darasani, nikamwita mlinzi, nikamwonyesha kwa madaha: sakafu, sakafu! Akatoka mbio, akarudi na ngazi, akapanda kuchunguza juu. Kumbe kwao neno hilo ni dari. Watoto thelathini wamesimama kwenye dimbwi, sisi watu wazima wawili tumeinua vichwa tunatazama taa.

Mtu aliyenifaa Oman kuliko wote nilimpata sokoni. Ibra wana soko la wanawake kila Jumatano, mwanamume haingii. Vitambaa, hina, ubani, manukato ya chupa ndogo. Jumatano moja ya likizo nilikuwa nimeshika kitambaa, nahesabu baisa zangu, nikasikia nyuma yangu:

"Kiwache hicho, mwanangu. Anakupiga."

Kwa Kiswahili. Cha Unguja, kitamu, bila haraka. Nikageuka kama nimeitwa na mama yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Mombasa. "Mombasa mwahali gani?" Bibi huyo alizaliwa Ng'ambo, mjini Unguja, akaja Oman na wazazi wake miaka ya mwanzo ya sabini, Sultan Qaboos alipokuwa ameshika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Nyumbani kwake wakubwa waliongea Kiswahili, wajukuu walijibu kwa Kiarabu, na mandazi yaliitwa mandazi. Kila Jumamosi nilikuwa huko, kahawa, tende, halua. Akinisikia nimekohoa, ananituma kijana na chupa ya asali.

Ukienda Oman watafute watu hawa. Utawapata Muscat, Seeb, Ibra, hata kwenye foleni ya benki. Usiwafanye ofisi ya misaada, kaa nao kama mgeni mwenye adabu, peleka kitu ukienda.

Binti yake mkubwa alifanya kazi kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Miaka minne nimekula halua naye mkeka mmoja, na haikunijia hata siku moja kumwonyesha mkataba wangu. Niliona haya. Kwetu mshahara hauanikwi mbele za watu. Jioni ile niliyotoka kwa mhasibu ndipo nilipoutoa mkobani. Aliusoma ule upande wa Kiarabu, ambao mimi nilikuwa nauruka tangu siku ya kusaini, kwa kuwa Kiarabu cha madrasa kinakusomesha Qur'ani, hakikusomeshi vifungu vya ajira.

"Dada, tiketi ya ndege ya kwenda kwenu wanakupa lini?"

"Kila baada ya miaka miwili."

"Kwa Kiingereza ndivyo kilivyo. Hapa pameandikwa kila mwaka."

Akanieleza kwamba mambo yakifika mahakamani kinachosomwa ni hicho cha Kiarabu. Asubuhi nilirudi kwa mhasibu nikiwa na nakala, mstari umepigwa kalamu nyekundu. Safari hii yeye ndiye aliyesema kuna makosa. Nililipwa tiketi ya mwaka mmoja, ile nyingine wakasema muda wake umepita, na mimi sikuwa na siku za kubaki kubishana, visa ilikuwa inakwisha. Ilitosha kumalizia kiwanja? Haikutosha. Nilikiacha, na arubuni ikaenda nacho.

Kuhusu kutuma pesa nyumbani nina neno moja tu: panga kiasi mwezi wa kwanza, ukitangaze, na usikipandishe. Mimi nilikipandisha mara tatu, na mara ya nne niliposema sina, shangazi yangu mmoja hakuniamini mpaka leo.

Siku hizi nafundisha tena hapa Mombasa, na vijana hunitumia mikataba yao kwa WhatsApp niisome. Naipokea usiku nikishasahihisha. Sisomi yote. Natafuta msingi, natafuta Julai na Agosti, natazama jina la kazi kwenye visa, na ile ya Kiarabu naipiga picha namtumia binti wa bibi, ambaye hujibu kabla ya alfajiri. Juzi msichana mmoja wa Kilifi alileta wake kutoka shule ya Sohar. Jumla imeandikwa kwa herufi nene, rial 500. Mahali pa mshahara wa msingi pameachwa wazi, nukta tupu, na chini wamemwekea alama ya msalaba pa kusaini.

Nikamwambia awarudishie wajaze kwanza. Leo ni siku ya tano, hawajajibu. Ananiuliza kama asaini tu asije akaikosa nafasi. Nimemwambia tungoje mpaka Jumapili, kwao ndiyo siku ya kwanza ya kazi.