Maji ya fedha yaliyogeuka kijivu: mkondo unahitaji kikomo, betri hazina kosa

Ndugu aliyeuliza kuhusu kutengeneza maji ya fedha, yaani maji yenye chembe ndogo sana za madini ya fedha zinazotolewa kwa umeme, ameeleza kwamba alitumbukiza vijiti viwili vya fedha safi katika bilauri ya mililita 250 za maji yaliyokenekwa, akaviunganisha na betri tatu za volti 9 zilizofuatana, na baada ya saa mbili akakuta maji yamekuwa ya kijivu na kijiti kimoja kimeota manyoya meusi. Anataka kujua kama apunguze betri. Ushauri wangu ni kwamba betri aziache zilivyo, kwa sababu kilichokosekana katika mtambo wake ni kitu cha kuuwekea mkondo wa umeme kikomo.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi nami nilianza kwa betri tatu bila kizuizi chochote, ila nilikuwa nimeiunganisha multimita, yaani chombo cha kupimia umeme, katika njia ya umeme, na namba nilizoziona ndizo zilizonifundisha. Mwanzoni mkondo ulikuwa takriban miliampia 0.2 tu, maana maji yaliyokenekwa yana ukinzani mkubwa na hayapitishi umeme kwa urahisi. Lakini fedha inapotoka kwenye kijiti chanya huingia majini ikiwa ioni, yaani atomi yenye chaji ya umeme, na kila ioni inayoingia huyaongezea maji uwezo wa kupitisha umeme. Mkondo ukiongezeka, ioni zinazotoka nazo huongezeka, na hizo huuongeza mkondo tena. Kabla ya saa moja kutimia kipimo changu kilikuwa kimepita miliampia 5, na uzi wa rangi ya majivu ulikuwa ukishuka kutoka kwenye kijiti hasi. Aliyeuliza aliviacha vijiti vyake katika hali hiyo kwa saa mbili, kwa hiyo kijivu alichokiona hakinishangazi.

Sababu ya weusi huo ni kwamba mkondo unapokuwa mkubwa, fedha hutolewa kwa kasi kuliko inavyoweza kusambaa majini. Ioni zinazofika kwenye kijiti hasi hugeuka kuwa fedha tena na kujengeka kama matawi mepesi, ambayo hukatika na kuelea yakiwa vipande vikubwa. Pamoja na hayo, oksidi ya fedha, ambayo rangi yake ni kahawia iliyokoza au nyeusi, huyeyuka kidogo sana majini, kiasi cha makumi machache ya miligramu kwa lita, na ziada yake hujitenga. Kupunguza betri kutachelewesha tu mwendo huo, kwa sababu hata betri moja ikiachwa bila kizuizi mkondo wake utapanda vilevile. Volteji ya juu, kwa upande mwingine, inatusaidia mwanzoni, wakati maji bado ni magumu kupitisha umeme.

Kuna aliyemshauri atie chembe ya chumvi ili kazi iende upesi. Naomba sana asifanye hivyo. Chumvi huleta kloridi, na kloridi ikikutana na fedha hutokea wingu jeupe la kloridi ya fedha, ambalo mwanga huligeuza kijivu. Zaidi ya hapo, chumvi huondoa ule ukinzani wa maji uliokuwa kizuizi pekee.

Njia nyepesi ya kuweka kikomo ni kufunga rezista moja, yaani kifaa kidogo chenye ukinzani, katika mfululizo, kati ya betri na kijiti. Kwa volti 27, rezista ya omu 27,000 haiwezi kuruhusu zaidi ya miliampia 1, hata vijiti vikigusana vikapiga shoti. Rezista ndogo ya robo wati inatosha kabisa, kwa kuwa joto lake halifiki hata sehemu ya kumi ya wati. Nami naipenda kwa faida ya pili: ukipima volteji kati ya ncha zake mbili, unaujua mkondo bila kukata waya wowote. Kwangu kipimo huanza karibu na volti 5, yaani takriban miliampia 0.2, kisha hupanda polepole hadi volti 20 na zaidi. Kipimo kinapokaribia 27, ukinzani wa maji umebaki kidogo sana na rezista ndiyo inayofanya kazi yote.

Rezista hata hivyo huweka dari tu, haiushiki mkondo mahali pamoja. Anayetaka mkondo usiobadilika atumie saketi ndogo iitwayo LM334, ambayo hufungwa katika mfululizo kama rezista na hupangwa kwa rezista moja tu: ya omu 68 hutoa karibu miliampia 1 katika joto la kawaida la chumbani. Wengi hupendekeza LM317, nami niliijaribu kabla sijasoma vizuri karatasi yake ya maelezo. Saketi hiyo inaweza kuhitaji hadi miliampia 10 ili ifanye kazi yake sawasawa, kwa hiyo haifai kwa mikondo midogo kama hii.

Mkondo ukishatulia, hesabu ya Faraday, inayohusisha kiasi cha umeme uliopita na uzito wa metali iliyotoka, inakuwa na maana. Kila kulombu moja, yaani umeme wa ampia moja kwa sekunde moja, huondoa miligramu 1.118 za fedha kwenye kijiti chanya, kwa hiyo miliampia 1 kwa saa nzima huondoa takriban miligramu 4, ambazo katika mililita 250 ni kama miligramu 16 kwa lita. Uhusiano huu ulithaminiwa kiasi kwamba mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Chicago mwaka 1893 uliieleza ampia kwa kiasi cha fedha inayoganda kwa sekunde moja, yaani gramu 0.001118. Katika bilauri yetu namba halisi huwa chini ya hesabu, kwa sababu sehemu ya fedha hurudi kwenye kijiti hasi, na dakika za mwanzo, kabla maji hayajaweza kupitisha miliampia 1, zihesabiwe kwa mkondo uliopimwa. Mimi huuzima mkondo kati ya dakika 35 na 40, nikikoroga maji mara kwa mara, na vijiti vyangu vya unene wa milimita 2 vikiwa vimezama sentimita 10.

Kuhusu kuyanywa maji haya, sitaki kunyamaza. Mimi huyatengeneza ili kujifunza elektrolisisi, yaani mabadiliko ya kikemia yanayoletwa na umeme, na kuona mwale wa mwanga ukipita kati ya chembe, na siyanywi. Fedha haina kazi yoyote inayojulikana mwilini, nayo hujikusanya. Anayeitumia kwa muda mrefu anaweza kupata ajiria, yaani ngozi kugeuka ya kijivu au buluu, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka kwamba dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari zenye koloidi ya fedha, yaani chembe ndogo sana za fedha zinazoelea majini, hazitambuliki kuwa salama wala zenye kutibu. Kikomo cha mkondo hufanya maji yawe maangavu na hesabu iwe sahihi, lakini hakiyageuzi kuwa dawa.

Aliuliza pia kama adapta ya ukutani ya volti 24 inaweza kuchukua nafasi ya betri. Inaweza, mradi itoe mkondo mnyoofu (DC) kama wa betri na iwe na transfoma inayoutenga kabisa umeme wa nyumba, na rezista ibaki palepale. Adapta duni ambayo ndani haina utengano huo inaweza kupeleka umeme wa nyumba kwenye bilauri unayoishika kwa mkono, ndiyo maana mimi mwenyewe nimebaki na betri. Akishafunga rezista, apime volteji juu yake dakika ya kwanza na dakika ya thelathini, kisha atuandikie namba hizo mbili. Ya kwanza ikizidi volti 10, nitashuku maji yake kabla ya kushuku kitu kingine chochote.