Jibu: Je, theluji ya kwanza huanguka Desemba kila mahali?
Ndugu yangu wa Lindi, Desemba hiyo ni ya kadi za Krismasi tu. Mwishoni mwa Oktoba, wakati sisi huku Newala tunaokota korosho, Fairbanks kule Alaska kwa kawaida imekwisha kuwa nyeupe, ilhali London inaweza kumaliza msimu wa baridi ikiambulia mvua tu. Kwenye Mlima Fuji, ambao kilele chake wataalamu wa Japani hukitazama kutoka mji wa Kofu, theluji ya kwanza huonekana kwa wastani Oktoba 2, lakini mwaka 2024 ilichelewa hadi Novemba 7, jambo ambalo halijapata kutokea tangu kumbukumbu zianze mwaka 1894. Milima ya Lesotho, iliyo kusini mwa ikweta kama sisi, mara nyingi huipata Mei au Juni, kipupwe chetu kikianza.