Pareto, viyeyusho na washirika wa ng'ambo: funga hesabu yako Nakuru kwanza

Ukitaka maabara ya ng'ambo ikuchukue kama mtafiti mwenzao, si kama mtu wa kuwachumia maua, waandikie ukiwa na hesabu iliyofungwa: gramu ngapi ziliingia, ngapi zilitoka, na kiyeyusho, yaani kimiminika cha kutolea dawa kwenye maua, kilichopungua kilipotelea wapi. Tunawaandikia wanafunzi wa uzamili na watafiti chipukizi wa Njoro, Maseno, Kakamega na Bondo wanaotaka kuingia katika kemia ya kijani, ile inayopunguza taka na sumu. Mfano wetu ni pareto, zao lililo mlangoni petu huku Molo, Kuresoi na Elburgon. Dawa yake ya kuua wadudu, piretrini, imekuwa ikitolewa kwenye maua kwa heksani tangu zamani. Heksani hutoka kwenye mafuta ya petroli, huwaka upesi, na anayevuta mvuke wake siku nenda siku rudi huharibika neva za miguu na mikono. Njia bora ikipatikana, wa kwanza kufaidi ni mfanyakazi wa kiwandani.

Wanakemia Paul Anastas na John Warner walipotoa kanuni zao 12 za kemia ya kijani mwaka 1998, ya kwanza ilikuwa kuzuia taka isitokee badala ya kuisafisha baadaye. Mwanakemia Roger Sheldon naye alitupa kipimo ambacho mtu yeyote mwenye mizani anaweza kukitumia: gramu za taka gawanya kwa gramu za bidhaa. Bila namba hiyo, neno "kijani" kwenye pendekezo lako ni pambo tu.

Makosa mengi huanzia kwenye gunia, kabla hata ya kugusa kiyeyusho. Sehemu kubwa mno ya piretrini imo kwenye vijimbegu vilivyo kitakoni mwa ua, si kwenye petali nyeupe. Gunia likitikisika njia nzima kutoka Kuresoi, vijimbegu hushuka chini. Ukichota juu utapata petali, ukichota chini utapata asilimia tamu isiyo ya kweli. Mwaga gunia zima juu ya turubai kivulini, changanya kwa sepetu, fanya lundo, ulikate robo nne, uondoe robo mbili zinazotazamana. Zilizobaki zichanganye tena, ukate tena, mpaka ubaki na gramu 500 hivi. Ni dakika 20 za kazi, na zinaokoa miezi ya kubishana juu ya matokeo.

Kisha unyevu. Maua yaliyokauka vizuri hubaki na takriban asilimia 10 ya maji, lakini msimu wa mvua gunia huvuta unyevu upya. Weka gramu 2 kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, andika, halafu gramu hizo usizitumie tena. Joto hilo limeshaharibu piretrini. Matokeo yote yaandike kwa uzito mkavu. Maabara mbili zikitofautiana, hapa ndipo pa kutazama kwanza. Unaposaga, washa mashine sekunde 10, zima, ngoja ipoe, rudia. Unga upite chekecheke ya nusu milimita. Ukiwa laini kupita hapo utaziba karatasi ya chujio na utakesha ukingoja matone.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme una gramu 100 za unga mkavu wenye asilimia 1.5 ya piretrini, yaani gramu 1.5. Loweka kwa mililita 200 za heksani, koroga nusu saa kwenye nyuzi 35 hadi 40, chuja, na urudie mara mbili zaidi. Mililita 200 mara tatu hutoa piretrini nyingi kuliko mililita 600 kwa mkupuo mmoja. Kifaa cha Soxhlet, kinachovukiza kiyeyusho na kukidondosha juu ya unga tena na tena, hatukipendi kwa kazi hii, maana dondoo, yaani kilichotolewa kwenye maua, hukaa likichemka kwa saa nyingi na piretrini haivumilii. Ukivukiza na kurudisha mililita 510, umepoteza 90, ambazo ni kama gramu 59. Ukiwa umepata gramu 1.3 za piretrini, kila gramu imegharimu gramu 45 za heksani iliyopotea. Nyingi zilibaki ndani ya makapi, kwa hiyo yakamue kabla ya kuyatoa.

Rudia kwa ethanoli. Hii ni mali ya kwetu, hutengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa, na shamba huota tena. Tuseme umepoteza mililita 60, gramu 47. Kila gramu ya piretrini sasa imegharimu 36, na hapo wengi hufunga daftari wakifurahi. Mapema mno! Ethanoli imevuta pia rangi ya kijani, sukari na utomvu, nawe umebaki na kitu kama lami inayonata kwenye kijiko. Ukiisafisha kwa mililita 200 za heksani na kupoteza 30 kati ya hizo, pamoja na punje ya bidhaa, ubaki na gramu 1.2, hesabu inapanda hadi 56. Umetumia viyeyusho viwili na umechafua zaidi ya mwanzo. Kabla ya kukimbilia heksani, liweke dondoo la ethanoli kwenye friza usiku mzima, nta igande chini, ulichuje likiwa bado baridi. Rangi ya kijani haitaisha, lakini utakuwa na swali la utafiti lenye uzito.

Mwinuko nao una neno lake. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ethanoli huchemka kwenye nyuzi 73 hivi, si 78, na heksani karibu 61 au 62 badala ya 69. Kwa piretrini ni heri, inaokoka joto. Lakini mwenzako wa Ujerumani akikuandikia "chemsha saa mbili", wewe na yeye hamfanyi jaribio moja. Andikianeni nyuzi na shinikizo la hewa, si neno "chemsha".

Maji ya kupoza mvuke ni taka ambayo watu huisahau. Bomba likiachwa wazi kwa lita 2 kila dakika, saa 4 ni lita 480, katika mji ambao mitaa mingi hungoja maji kwa zamu. Ndoo ya lita 20, barafu, na pampu ndogo ya tangi la samaki hufanya kazi ileile. Stima ikipotea, inua chupa kutoka kwenye maji moto kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Pampu imesimama, mvuke haupozwi tena, na heksani itajaa chumbani.

Ukifika hapa ndipo unajua cha kumwomba mshirika. Usiandike "naomba mnisaidie kupima". Andika kwamba umelinganisha viyeyusho viwili, namba ni hizi, na unataka kujua kama kaboni dioksaidi yenye shinikizo kubwa itashinda yote. Gesi hiyo ikipita nyuzi 31 na baa 74 hupenya kama gesi na kuyeyusha kama kiyeyusho. Shinikizo likishushwa huondoka yenyewe bila kuacha mabaki. Mtambo wake ni ghali, na hiyo ni sababu halali ya kushirikiana.

Karatasi zianze mapema kuliko safari. Mgeni na mwenyeji wote wanahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Pareto asili yake ni pwani ya Dalmatia, na wengine hudhani hilo linawaondolea kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kutumia rasilimali za kijenetiki chini ya kanuni za 2006. Usidhani; uliza NEMA kwa barua na utunze jibu, kwa kuwa maabara za Ulaya huulizia uthibitisho tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali hizo, ianze kutumika tarehe 12 Oktoba 2014. KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, nao hutoa cheti cha afya ya mimea. Mkataba wa kuhamisha sampuli useme waziwazi nani ataandika jina lake kwenye makala, mafaili ghafi ya mashine yatakuja kwako lini, na masalio yatarudishwa au kuharibiwa.

Usitume dondoo likiwa ndani ya heksani wala ethanoli. Ndege huhesabu hivyo kuwa vimiminika vinavyowaka. Tuma maua makavu au dondoo lisilo na kiyeyusho, kwenye chupa ya kahawia iliyofungwa kwa foili, kwa kuwa mwanga wa jua huivunja piretrini ndani ya saa chache. Jaza chupa mbili kutoka lundo moja, saa ileile. Moja isafiri, ya pili ikae frizani Nakuru, na mkubaliane siku moja ya kuzipima zote mbili.